Nilivyowaezua Waslovenia Majina

Wanangu, nyinyi mnaotengeneza vibao kwa kubonyeza kitufe, leo nawapa kisa cha siku niliyowafuta watu majina kwa ajili ya usafi wangu. Sikuwafuta kwa ubaya. Niliwafuta kwa brashi nyembamba na kichupa cha rangi nyeupe ya kufutia, huku napiga mluzi, na nilipomaliza nikajipongeza kwamba hapana fundi Maskati nzima anayefanya kazi safi kama mimi. Miaka mingi imepita tangu niweke brashi chini, lakini nikiukumbuka mluzi ule masikio bado yananiwaka.

Aliyeniomba niandike ni Nasra, mpwa wangu, mwenye karakana hii ya vibao hapa Mabela mnayofanyia kazi. Alinambia, "Mjomba, kila asubuhi unakuja kunywa kahawa yetu na kutukosoa. Bora uandike, tukosolewe mara moja yaishe." Haya, nimeandika. Kahawa nitaendelea kuja kunywa.

Aliyenifunza mimi kazi ni Ustadh Bakri, Msudani mrefu aliyekuwa mwandishi wa hati za Kiarabu, mwenye chumba kimoja cha kazi kule Ruwi, nyuma ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza hakunipa brashi wala rangi. Alinipa kalamu ya tete akaniambia nitie nukta. Nukta tu. Wiki mbili nzima kijana mzima natia nukta kwenye magazeti ya zamani, na mwenye duka la vitambaa akipita ananiuliza kama naumwa. Lakini Bakri alikuwa na sababu yake. Katika hati nzuri ya Kiarabu nukta ndiyo kipimo cha fundi. Urefu wa alifu unapimwa kwa nukta, upana wa tumbo la nuni unapimwa kwa nukta, na nukta yako ikiwa ovyo basi na neno lako zima litakuwa ovyo. "Hesabu nukta kwanza," alikuwa akisema, "kusoma utasoma baadaye."

Pamoja na mafunzo yote hayo, kibao changu cha mwanzo nilikiharibu. Kilikuwa cha seremala mmoja wa Qantab. Kwa Kiarabu neno la seremala na neno la baharia yana mifupa ileile, na yanatenganishwa na nukta peke yake. Seremala ana nukta moja juu ya herufi ya kwanza na nyengine tumboni mwa herufi ya pili. Baharia ana moja tu, chini ya herufi ya kwanza. Mimi ile ya juu niliisahau, na ile ya tumboni kwa haraka zangu ikasogea kulia kidogo. Basi seremala wa watu, mtu ambaye akiona wimbi anatapika, akawa kila siku anaulizwa na wavuvi wa Qantab yeye anatoka na mashua gani. Wengine walimletea nyavu. Bakri alipopata habari hakunigombeza. Alinitia ndani ya gari yake mpaka Qantab, akanisimamisha mbele ya kibao na kusema, "Mwombe radhi seremala. Ukimaliza, iombe radhi nukta." Niliomba radhi zote mbili, na seremala akatupa samaki wa kuchoma.

Tangu siku hiyo nikashika desturi ambayo nataka na nyinyi muishike, hata kama mashine zenu zina akili. Kibao kikimalizika, msikisome. Ukikisoma, jicho linakuonyesha ulichokusudia kuandika. Kigeuze juu chini, kisha zihesabu nukta moja moja na karatasi ya asili mkononi. Halafu vuka barabara, ukitazame kutoka upande wa pili, maana wateja hawakai pua yao juu ya kibao. Na ukiandika juani, nusu ya akili iwe kwenye rangi. Mwezi wa Juni niliwahi kuandika kibao cha duka kule Yiti, rangi ikawa inakauka kwenye brashi kabla haijafika ubaoni. Nilimaliza kazi ya saa mbili kwa siku tatu, alfajiri kwa alfajiri.

Hapa lazima nimtaje mama yangu, kwani bila ya yeye kisa hiki hakisimami. Jina lake Chausiku. Mama yake alikuwa mtu wa Makunduchi, akamzaa usiku, akampa jina la kwao. Tulipohamia Oman kutoka Unguja, karani aliyekuwa akituandikia vyeti alifika kwenye jina hilo akasita, kwa kuwa Kiarabu cha vitabuni hakina herufi ya ch. Akaandika Shausiku, akapiga muhuri, akaita wa nyuma yetu.

Mama hakuukubali muhuri ule. Hospitali wakiita "Shausiku! Shausiku!" yeye anakaa tu, mkoba mapajani, anaangalia ukuta. Mara mbili alirudi nyumbani bila ya kuonana na daktari.

"Mama, mbona hukuitika?"

"Hawakuniita mie. Walimwita mtu mwengine, na mwenyewe hakuja."

"Mama, ni herufi moja tu. Itikia yaishe."

"Na nyumba hii ina mlango mmoja tu, Sele. Hebu ung'oe tuone."

Mimi nilicheka nikaondoka kwenda kazini. Nilimwona mama yangu mkaidi, basi.

Yeye hakusoma skuli, alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na akijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama bibi zetu walivyokuwa wakiandikiana barua. Sauti ya ch waliiandika kwa jimu yenye nukta tatu tumboni badala ya moja. Siku za mwanzo nilimwonyesha Bakri herufi hiyo kwa majisifu. Aliisugua kwa kidole gumba mpaka ikapotea. "Hii siyo yetu," akanambia. "Katika karakana yangu tumbo la jimu linakaa nukta moja." Mwalimu kasema, na mimi nikafuata.

Bakri alirudi kwao, karakana ikabaki mikononi mwangu, na haikupita miaka mingi ikaja mashine ya kukata stika. Mnaijua nyinyi, ile ya zamani iliyokuwa ikipiga kelele kama cherahani. Unaandika kwenye kompyuta, inakata herufi, unabandika, khalas. Nilinuna mwaka mzima. Mwaka wa pili nikainunua. Brashi nikaziosha, nikazipaka mafuta nywele zisikatike, nikazilaza kwenye bati la biskuti. Nikizitoa mara moja moja, ikija kazi ambayo mashine haiwezi.

Kazi ya Waslovenia ilikuwa ya namna hiyo. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya elfu mbili. Akaja Akinyi, Mkenya wa Kisumu, aliyekuwa akisimamia shughuli katika ukumbi mmoja wa maonyesho. Alikuwa dada mchapakazi, hasemi jambo mara mbili. Aliniwekea karatasi ya faksi mezani.

"Mzee, hawa ni watu kumi na wawili mashuhuri wa Slovenia, wa hiyo karne imeisha. Wasanii, wasomi, watu wa siasa. Picha zinakuja na wageni, lakini majina wanataka zikuwe tayari. Herufi za Kizungu juu, Kiarabu chini. Na stika hazishiki kwa hizo mbao zao. Tumejaribu, zinaanguka."

"Slovenia ndiyo wapi?"

"Ulaya, Mzee. Kanchi kadogo. Usiniulize zaidi, mimi pia nimeitafuta jana kwa ramani."

Faksi ya ukumbi ule ilikuwa na maradhi yake. Kila karatasi ilitoka na madoa meusi, utadhani imenyunyiziwa pilipili manga. Na karatasi hii ilikuwa hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba madoa mengine yalipenda kukaa juu ya c, na juu ya s, na juu ya z. Jambo hilo peke yake lilitakiwa kunishtua. Halikunishtua hata kidogo. Nilichukua kichupa changu cheupe, nikayafuta yote, doa kwa doa, mpaka karatasi ikawa safi kama shuka ya harusi. Kisha nikaandika mbao kumi na mbili kwa hati ya mkono ambayo mpaka leo najivunia umbo lake. Kiarabu niliandika kwa kukisia, nikaifanya kila c kuwa kafu, yaani k, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kwenye Kiingereza cha madukani. Nikazigeuza mbao juu chini, nikahesabu nukta. Zilikuwa sawa kabisa na karatasi yangu. Karatasi niliyokwisha kuifuta.

Tulizitundika siku moja kabla ya ufunguzi. Adhuhuri ikaingia, wageni wakafika na picha zao, na kati yao alikuwamo bibi mmoja wa miaka sabini hivi, mfupi, viatu vya kamba, miwani imening'inia kifuani. Akinyi akanambia huyu ni Bibi Marta, na baba yake ni mmoja wa wale kumi na wawili. Alizipitia mbao zangu taratibu, na mimi nyuma yake nikisubiri sifa. Alipofika penye jina la Tone Carnik akasimama. Akanyanyua mkono, akagusa juu ya ile C, mahali ambapo hapakuwa na kitu, akapapasa pale kwa ncha ya kidole. Akasema neno kwa Kiingereza.

"Mzee," Akinyi akanigeukia, "anauliza ile kitu ya juu ya C iko wapi."

"Kitu gani?"

"Kuna alama. Anasema kwa karatasi ilikuwa."

Nikacheka, wanangu. Wallahi nilicheka. "Aa, ule uchafu! Mwambie asiwe na wasiwasi, nimeusafisha wote. Si kwa baba yake tu, kwa wote kumi na wawili."

Akinyi hakutafsiri. "Mzee, una uhakika nimwambie hivyo?"

"Mwambie, afurahi."

Akamwambia. Yule bibi alikaa chini, juu ya debe langu la rangi, lililokuwa limefungwa alhamdulillahi. Hakupiga kelele wala hakulia. Alivaa miwani, akanitazama vizuri, kisha akaanza kumweleza Akinyi, na Akinyi akawa ananieleza mimi, kipande kwa kipande.

Baba yake hakuwa Carnik. Alikuwa Čarnik, na alama ile ya juu ndiyo inayoifanya C kusomwa ch. Alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kuchapia, yaani mtu wa kazi kama yetu, akichukua herufi za risasi moja moja na kuzipanga ziwe kitabu. Yeye akiwa kijana, mafashisti wa Italia walitawala upande ule wa nchi walikokuwa wakiishi. Lugha yao ikapigwa marufuku skuli na magazetini, na majina ya koo yakabadilishwa yafanane na ya watawala. Čarnik ikaondolewa alama yake, ikatiwa i pembeni mwa C, ikakatwa mwisho, ikabandikwa mkia wa kigeni. Herufi zenye alama zikakusanywa viwandani ziyeyushwe. Tone alikusanya zake usiku mmoja, akazificha ndani ya mzinga wa nyuki nyuma ya nyumba, kwani hakuna askari anayetia mkono ndani ya mzinga. Kwa herufi hizo akachapa kitabu kidogo cha kuwafunza watoto kusoma lugha yao. Alifungwa kwa ajili ya kitabu hicho. Alipotoka, karatasi zake zote za serikali zilikuwa na lile jina jengine, na kila alipoletewa karatasi alikuwa akikaa mezani na penseli, anaitia alama juu ya C, kisha anaifungia kwenye saraka. Vita vilipokwisha akarudishiwa jina, akafungua vyumba vya kusomea vijiji vingi, na ndiyo maana wakamweka katika watu mashuhuri kumi na wawili.

"Anasema," Akinyi akamalizia kwa sauti ndogo, "wale wa kwanza waliitoa hiyo alama wakijua wanafanya nini. Sasa amekuja mpaka Maskati, na ameikuta imetolewa tena. Anataka kujua wewe uliitoa kwa nini."

Wanangu, nilitamani ardhi inimeze. Mimi, niliyetia nukta wiki mbili kabla ya kupewa brashi. Mimi, niliyeiomba radhi nukta kule Qantab. Nilivua kofia.

"Mwambie nilidhani ni uchafu. Mwambie sikuuliza. Na mwambie naona haya mpaka mifupani."

Akinyi akamwambia. Bibi Marta akauliza kama ninajua alama ile kwao inaitwaje. Wanaiita strešica. Akinyi hakujua aitafsiri vipi, yule bibi akaweka mikono yake miwili pamoja, vidole vikagusana juu.

"Nyumba?" nikauliza. "Paa?"

"Paa ndogo," akasema Akinyi. "Kapaa."

"Kipaa! Basi mie nimewaezua watu." Nikaitazama tena kwenye karatasi mpya aliyonitolea Bibi Marta mkobani. "Lakini mwulize, mbona paa lao limegeuka juu chini? Mvua ikinyesha si litajaa maji?"

Akinyi aliniangalia kama mtu aliyechoka na wazee wote wa duniani, lakini akatafsiri. Bibi Marta akacheka. Akacheka mpaka akavua miwani na kuifuta. Akasema huko kwao mvua haikosekani, na hajapata kusikia mtu akilalamika.

Tukaanza kuezeka. Kwenye herufi za Kizungu ilikuwa kazi nyepesi, vistari viwili vya brashi kwa kila kipaa, na yeye alisimama begani kwangu kunionyesha kila kinapokaa. Akaniuliza kwa ishara, hii unaiitaje? Brashi, nikamwambia. Yeye akasema kwao ni čopič, akaniandikia, vipaa viwili katika neno moja la chombo changu mwenyewe. Huku naezeka ananieleza kila mtu ni nani. Huyu alikuwa mwimbishaji wa kwaya, aliyekuwa akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji kukusanya sauti nzito, kwa sababu kwaya yake ilikuwa na wanawake peke yao. Huyu alikuwa mpiga picha mwanamke, aliyewapiga wauguzi wa vita picha za furaha kwa makusudi, ili mama zao wakizipata wasilie. Huyu alikuwa msanifu majengo, aliyegombana na mawaziri watatu juu ya urefu wa madawati ya watoto wa skuli, akashinda. Nilipokuwa nikiandika mara ya mwanzo, majina yale kwangu yalikuwa herufi tu. Safari hii yalikuwa watu, na mkono ulinienda vizuri zaidi.

Ikabaki Kiarabu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkaguzi wa lugha wa ukumbi alikuwa Ustadh Fahad, mtu wa Batina ya kaskazini, karibu na mpakani, hodari na mkali kama walimu wa zamani. Alikubali kwamba Karnik ni kosa. "Andika t na sh," akanambia kwa Kiarabu, "Tsharnik. Ndiyo kanuni."

Akinyi akamweleza Bibi Marta. Bibi akatikisa kichwa. Hata wale walioibadilisha, akasema, walifanya hivyo hivyo, wakaivunja herufi moja vipande viwili wapate kuiandika kwa njia yao. Baba yake alifungwa kwa herufi moja. Kama haiwezekani, basi hana ugomvi na mtu, lakini picha ya baba yake ataifunga arudi nayo. Hatamtundika chini ya jina la mtu mwengine.

Jina la mtu mwengine. Nikamwona mama yangu hospitali, mkoba mapajani, anaangalia ukuta.

Picha ilikuwa imeegemezwa chini, kijana mwenye masharubu membamba na vidole vyeusi vya wino. Nikachukua penseli, nikachora kwenye karatasi jimu yenye nukta tatu tumboni.

"Hiyo ya Waajemi," akasema Ustadh Fahad.

"Hii ya mama yangu," nikamwambia. "Unguja wameandikia barua kwa herufi hii tangu bibi wa bibi zangu."

"Ya Suleiman, wewe fundi. Unajua haimo katika zile herufi ishirini na nane za Kiarabu. Kesho watakuja watu wakubwa, wataniuliza mimi."

Alikuwa na haki, na kanuni ilikuwa kwake. Mimi sikuwa na kanuni. Lakini hapo simu yake ikalia, aliyepiga alikuwa muuza samaki, na Ustadh Fahad akasahau Kiarabu cha vitabuni akaingia katika Kiarabu cha kwao: "Cham? Cham? La, la, ghali!" Huko kwao kafu ya "kam", yaani kiasi gani, inageuka ch. Nikamngoja akate simu.

"Ustadh," nikasema kwa adabu zote, "hiyo cham yako unaiandikaje?"

Akanitazama. Akamtazama Bibi Marta, akaitazama picha. Nikaona masharubu yake yanacheza.

"Siiandiki," akasema. "Naisema tu."

"Basi na jina la mama yangu linasemwa tu, halina pa kuandikwa."

Aliichukua karatasi yangu, akaishika mbali, akaishika karibu. "Andika," akasema mwisho. "Lakini iandike kama picha, si kama herufi. Wakiniuliza nitasema fundi amechora."

Niliichora alasiri ile, wanangu, na sijapata kuandika jimu nzuri kama ile maisha yangu. Tumbo lake nililipima kwa nukta, na ndani yake nikatia nukta tatu zilizolingana. Bakri angekuwepo angeisugua kwa kidole, halafu, namjua, angeniambia umbo lake si baya. Bibi Marta aliitundika picha mwenyewe. Siku ya ufunguzi Waarabu walisita kidogo mbele yake, lakini wazee wetu wa Unguja walisoma Charnik bila ya kukwaa, na mmoja wao akamwuliza Akinyi kama huyu bwana alikuwa na jamaa Pemba. Ustadh Fahad alisimama karibu na ubao ule muda wote, na kila aliyeuliza alimjibu kwa fahari kabisa kwamba ni mchoro.

Bibi Marta alinipa mkono wakati wa kuagana. Alisema baba yake angependa kufanya kazi na mimi, ila asingeniachia kichupa cheupe.

Nilirudi nyumbani na kipande cha ubao kilichobaki. Siku hizo ndiyo kwanza tumehamia Mabela, nyumba bado inanuka chokaa. Niliandika neno moja, rangi ikakauka, nikalipigilia kwenye mlango wa chumba cha mama, kisha nikamwita. Alikuja anaburuta makubadhi, akavaa miwani, akafuata herufi kwa kidole, kulia kwenda kushoto.

"Cha-u-si-ku," akasoma. Akarudia. "Nani huyu?"

"Wewe, mama. Na nnakuomba radhi. Nlikwambia ni herufi moja tu."

Alizihesabu zile nukta tatu. "Umechelewa, Sele," akasema. "Lakini hati yako nzuri."

Mama amekwisha kwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu. Makaburi yetu hatuyaandiki majina, na ubao ule bado upo pale pale mlangoni, mmeuona nyote mkija nyumbani kula. Nilipokuwa nikipanga vitu vyake nilikuta mkobani kadi zake zote za hospitali, tangu ile ya mwanzo tulipofika Oman, zimefungwa kwa mpira. Mbele zimechapwa Shausiku. Nikazigeuza, na nyuma ya kila kadi ameandika kwa penseli, kwa mkono wake wa chuoni, Chausiku, jimu na nukta zake tatu. Miaka yote hiyo, wakati mimi nikipita Maskati nzima nahesabu nukta za wenye maduka, mama yangu alikuwa akijiandika mwenyewe.

Nilizipanga kadi kwa tarehe. Za baada ya ule ubao, nyuma hazina kitu.